Shilingi ya Msomaji na Ukuta wa Gazeti

Kwenye baraza moja la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, gazeti linalonunuliwa asubuhi halikai mikononi mwa aliyelinunua kwa zaidi ya dakika kumi. Akishapitia ukurasa wa kwanza, kurasa za michezo hunyofolewa zikaenda upande wa vijana, ukurasa wa zabuni na minada huvutwa na fundi mmoja ambaye hasomi kitu kingine, na ikifika saa nne karatasi yote imelegea, ina alama za vidole na duara la kikombe cha kahawa. Bei ya gazeti hilo, ikigawanywa kwa idadi ya waliolisoma, haifiki bei ya kashata. Nimeanza na baraza kwa sababu hicho ndicho kipimo ambacho wengi wetu tunakitumia, bila kukusudia, tunapotakiwa kulipia gazeti la mtandaoni. Tunaliona ghali kwa kuwa hatujazoea kulipa peke yetu kitu ambacho siku zote tulikigawana.

Siku hizi simu zimeingia barazani, na swali ninaloulizwa na wasomaji wenzangu, hasa walimu, mawakala wa forodha na vijana wenye biashara ndogondogo, ni lilelile: katika magazeti yanayotaka kulipwa kila mwezi, lipi linastahili? Maoni yangu ni kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Anayeanza kwa kuuliza gazeti lipi ni bora huishia kulipia jina kubwa, akalisoma wiki mbili kwa bidii ya mwanafunzi mgeni, kisha likabaki kwenye simu kama kamusi ya wageni sebuleni. Anayefaa kulipa ni yule anayeweza kutaja, kabla hajagusa salio lake, jambo analotaka kuliamua au kulielewa katika miezi michache ijayo, na ambaye ameshajiridhisha kwamba kazi ya kulichimbua jambo hilo haitolewi bure na mtu mwingine. Taarifa kwamba jambo limetokea haina bei tena. Itakufuata kwenye kundi la WhatsApp la msiba, kwenye redio ya bajaji, hata kwa kinyozi. Kinachogharimu ni mwandishi aliyekaa na nyaraka wiki tatu, akapiga simu zisizopokelewa, akarudi na jibu.

Historia ya kuta hizi, yaani kumzuia msomaji wa mtandaoni asiyelipa, si ndefu, ila inasaidia kuelewa tunauziwa nini. Wall Street Journal la Marekani lilianza kutoza wasomaji wake wa mtandaoni mwaka 1997, wakati magazeti mengine yakiamini matangazo yatalipa kila kitu. Financial Times la London lilifuata mwaka 2002. New York Times lilijaribu mwaka 2005, likaacha mwaka 2007, kisha likarudi Machi 2011 kwa mtindo ambao mimi huuita wa kibaba: msomaji alipimiwa makala 20 za bure kwa mwezi, na mwaka uliofuata kibaba kikapunguzwa hadi makala 10. Karibu na nyumbani, Nation Media Group ya Nairobi ilianza kutoza baadhi ya makala za tovuti yake mwaka 2021. Sababu ni ileile kila mahali: fedha za matangazo zilizokuwa zikilisha vyumba vya habari zilihamia Google na Facebook, na mtu pekee aliyebaki wa kuombwa ni msomaji.

Msomaji naye hajakubali kwa wingi. Ripoti ya Taasisi ya Reuters ya Oxford ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika nchi 20 zenye uwezo, waliolipia habari za mtandaoni katika mwaka mmoja walikuwa asilimia 17 tu, ingawa Norway ilifikia asilimia 40. Kwa hiyo anayesitasita hapa Makorora au Chumbageni asijione mshamba. Anasitasita pamoja na walio wengi wa Ulaya. New York Times, lililofunga mwaka 2024 likiwa na wasajiliwa zaidi ya milioni 11, halikufika huko kwa siasa na vita peke yake. Mwaka 2022 lilinunua mchezo wa maneno wa Wordle na tovuti ya michezo ya The Athletic, ambayo peke yake iligharimu dola milioni 550, na kwa muda mrefu limekuwa likiuza mapishi. Hilo si kosa lao, biashara ni biashara. Ila mtu wa Tanga anayelipia kifurushi kizima ajue kwamba sehemu ya fedha yake inakwenda kwenye mapishi ya keki ya maboga, naye nyumbani anakula bada, ugali wa muhogo.

Kuna hoja nzito upande wa pili, nayo ni kwamba vya bure vipo, tena vizuri. Idhaa ya Kiswahili ya BBC imekuwa hewani tangu mwaka 1957, ya Ujerumani inakaribia umri huo, na zote mbili zina tovuti ambazo hazimdai mtu senti. Gazeti la The Continent, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2020, husambazwa bure kwa WhatsApp likiwa limepangwa kama gazeti la karatasi, na kwa habari za bara letu mara nyingi nimelikuta limetangulia mbele ya wanaotoza. The Guardian la London halina ukuta. Linaomba mchango, na asiyechangia anasoma. Mtu ambaye hajazimaliza hizi hana haraka ya kulipa popote.

Hata hivyo, cha bure kina mlipaji wake, ila hatumwoni. BBC hulipiwa na ada ya Waingereza pamoja na ruzuku ya serikali yao, na idhaa ya Ujerumani hulipiwa na kodi ya Wajerumani. Sauti ya Amerika ilikuwa ikilipiwa na Bunge la Marekani, na Machi 2025, baada ya amri ya Rais Donald Trump, wafanyakazi wake walipelekwa likizo ya lazima na matangazo yakanyamaza. Wapo wazee hapa waliokuwa wakirekebisha redio zao kila jioni kwa ajili ya idhaa ile, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na pa kulalamikia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa mteja. Ninalitaja kwa kuwa hoja ya “kwa nini nilipe wakati kipo bure” huishia pale mwenye nacho anapoamua kukifunga.

Sasa tuuweke mtihani kwenye jambo la kwetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake zinapita Tanzania, linaishia Chongoleani, upande wa kaskazini wa mji huu. Jiwe la msingi liliwekwa hapo Agosti 2017, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifanywa Februari 2022. Mfaransa TotalEnergies ana asilimia 62 ya hisa, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina asilimia 8. Hayo yote nimeyapata bure, na mtu yeyote atayapata bure. Tatizo linaanza unapotaka kujua zaidi ya hapo, kwa sababu kila mji una bomba lake. Magazeti ya London na Paris huliangalia kwa jicho la hali ya hewa na la mabenki yanayokopesha au kukataa kukopesha. Magazeti ya Kampala huliangalia kutoka visimani, kwenye maeneo ya Tilenga na Kingfisher kando ya Ziwa Albert, na hesabu za mapato ya Uganda. Magazeti ya Dar es Salaam huliangalia kama mradi wa taifa, ajira na bandari.

Chukua watu watatu wa mji huu. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kujua kama aongeze vyumba vinne kwa mkopo anahitaji ratiba ya kazi na idadi ya wafanyakazi watakaobaki ujenzi ukiisha, na kwa hilo gazeti la Kampala au la Dar es Salaam litamfaa kuliko la London, na huenda tovuti ya mradi wenyewe ikamtosha. Mhadhiri anayeandika kuhusu fedha za miradi ya mafuta atapata thamani ya fedha yake katika Financial Times, kwa kuwa huko ndiko mabenki yanakofuatiliwa kwa majina na tarehe. Wakala wa forodha anayepokea mizigo ya mradi atasoma The EastAfrican, gazeti la kila wiki la Nairobi lililoanza mwaka 1994, kwa sababu linavuka mipaka kama mizigo yake inavyovuka. Wote watatu wanafuatilia jambo moja, na ingekuwa upuuzi kuwashauri gazeti moja. Yupo na wa nne, ambaye ni mimi, anayependa tu kujua. Huyo asilipie chochote kwa ajili ya bomba.

Mfano wa pili ulinigusa mfukoni. Februari 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya Sh53.12 bilioni, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ndugu na majirani walinipigia simu: tuweke fedha au tusiweke? Nilisoma kila nilichokiona bure, na karibu kila habari ilinieleza nani alizindua, nani alishukuru na nani alipiga picha na nani. Nilichokitaka kilikuwa kingine: mamlaka inakusanya kiasi gani kwa mwezi, maji mangapi yanapotea kabla hayajafika kwenye mita, na kitatokea nini mwaka wa sita ikiwa ankara hazilipwi. Mengi ya hayo yalikuwa kwenye waraka wa matarajio uliotolewa kwa wawekezaji, ambao ni bure, mrefu na mkavu kama muhogo wa kiangazi. Ilinichukua Jumamosi nzima. Kama kungekuwa na mwandishi wa uchumi aliyeusoma waraka ule kwa niaba yangu, akaulinganisha na dhamana za serikali za muda kama huo, akaandika kwa Kiswahili kinachosomeka, ningemlipa siku ileile bila kuuliza punguzo. Tangu hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha kwanza: gazeti linalostahili kulipiwa ni lile linaloninunulia Jumamosi.

Kabla ya kulipa kuna suala la njia ya kulipia, ambalo wauzaji wa nje hawalifikirii kabisa. Magazeti yao yanataka kadi. Wengi wetu hapa hatuna kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, lakini mitandao ya simu sasa hutoa kadi za Visa au Mastercard zisizoshikika, ambazo unazijaza kutoka kwenye salio la pesa zako za simu. Ni msaada mkubwa, na pia ni mtego, kwa sababu bei iliyoandikwa siyo bei utakayokatwa: kuna kiwango cha kubadilishia dola, kuna makato ya huduma, na tangu Julai 2022 huduma za kidijitali kutoka nje zinatozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani kama za ndani. Mtu anayepiga hesabu ya dola nne aandae zaidi ya dola nne.

Mimi mwenyewe niliumia kwa gazeti moja la nje ambalo sitalitaja. Lilinikaribisha kwa bei ya mwezi mmoja isiyozidi ya maandazi mawili na chai. Nikajisajili usiku, nikasoma makala mbili, nikasahau. Mwezi wa pili kadi ilikuwa tupu, malipo yakagonga mwamba, nikaandikiwa barua pepe ya upole. Mwezi wa tatu niliijaza kadi ile kwa ajili ya kulipia dawa ya mama, na alfajiri, kabla sijaamka, ujumbe ukaingia kwamba fedha zimekatwa: bei kamili sasa, mara kumi na kitu ya ile ya ukaribisho, na lilikuwa ndilo salio karibu lote. Nilipotaka kusitisha, kitufe cha kujisajili kilikuwa kikubwa kama bango la barabarani, lakini cha kusitisha sikukiona; nilitakiwa kuzungumza kwa maandishi na mhudumu, ambaye alinipa punguzo mara mbili kabla hajakubali kuniachia. Kosa la kusahau lilikuwa langu, nakiri. Tangu siku hiyo siku ya kujisajili ndiyo siku ninayoandika kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya kusitisha, siku tano kabla ya makato, na kadi ya magazeti haichanganywi na fedha ya kitu kingine.

Kwa magazeti ya hapa nchini mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu unalipa kwa simu na kwa shilingi. Mwananchi Communications, kwa mfano, huuza nakala za kidijitali za Mwananchi, The Citizen na Mwanaspoti, na sehemu kubwa ya habari zao za kila siku bado zinasomeka bure kwenye tovuti. Anayenunua nakala kamili, kwa hiyo, ananunua mpangilio, matangazo ya zabuni, kurasa za mikoani na makala ndefu zisizowekwa wazi. Kwa fundi wetu wa zabuni, ukurasa mmoja unatosha kulipa gharama ya mwaka. Kwa anayefuata Simba na Yanga, sioni sababu. Mabao yatamfikia kabla kipa hajaokota mpira wavuni.

Ushauri wangu wa kulipa mwezi kwa mwezi badala ya mwaka mzima, hata pale mwaka una punguzo, una sababu nyingine isiyohusiana na usahaulifu. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za kampuni hiyohiyo ya Mwananchi, kufuatia kibonzo cha video kilichowekwa na The Citizen. Yeyote ana haki ya kuwa na maoni yake kuhusu uamuzi ule. Mimi hapa nazungumza kama mteja tu: bidhaa inayoweza kuzimwa kwa mwezi mmoja, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa muuzaji na mnunuzi, hainunuliwi kwa jumla.

Linabaki jambo linalonisumbua kuliko yote. Tanga ni mji wenye historia yake ya magazeti. Wamisionari wa Magila, Muheza, walikuwa na Habari za Mwezi mwishoni mwa karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wajerumani mjini hapa ilitoa Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililosomwa mbali na pwani hii mpaka vita vilipolikatiza. Miaka mia moja na zaidi baadaye, ukiniuliza ni habari gani ningeilipia bila kupiga hesabu, nitakutajia kikao cha baraza la madiwani, bajeti ya dawa ya kituo cha afya, ramani mpya ya viwanja vya Pongwe na mashauri ya ardhi yanayoahirishwa mahakamani. Hakuna anayeniuzia. Magazeti ya taifa yana mwandishi mmoja au wawili kwa mkoa mzima, na anayejua uchumi wa habari hashangai: wanunuzi wa habari za Pongwe ni wachache mno kumlipa mtu mshahara. Kwa hiyo soko linaniuzia kwa bei nzuri mambo ya mbali ambayo siwezi kuyabadilisha, na ya jirani, ambayo ningeweza kusimama kikaoni nikayahoji, linaniachia niyaokote kwa umbea. Wapo vijana wachache wenye kurasa zao mitandaoni wanaojaribu kuliziba pengo hilo, na ninapomwona anayekwenda kikaoni na daftari badala ya kunakili taarifa ya ofisa habari, humtumia elfu mbili tatu kwa simu. Sijui niuite usajili au sadaka.

Kipimo changu kingine ni daftari la shule la kurasa 48. Kila nikisoma makala iliyonifanya nipige simu, nibadili mpango, au nimweleze mtu jambo akafaidika, naandika mstari mmoja: tarehe, gazeti, nilichofanya. Makala niliyoifurahia tu haiingii, hata ikiwa imeandikwa kwa ufundi wa kutia wivu. Miezi mitatu ya mwisho The EastAfrican lina mistari tisa. Gazeti moja la Ulaya, ambalo nilikuwa nikijivunia kuwa msomaji wake, lina mstari mmoja, nao unahusu bei ya mkonge. Gazeti la Dar es Salaam lina mistari sita, minne kati yake ikiwa zabuni nilizompelekea fundi barazani.

Nilipomwonyesha mzee mmoja daftari hilo, alivaa miwani, akalipitia ukurasa kwa ukurasa kama anayekagua hesabu za msikiti, kisha akauliza: “Mwanangu, na hili la Ulaya la mstari mmoja, bei yake kwa mwezi ni ngapi?” Nikamtajia. Akairudia bei ile kwa sauti ili wengine wasikie, akamwita muuza kahawa, akamwambia atumiminie kikombe kingine, mimi ndiye ninayelipa. Usajili ule unaisha tarehe 18.